Kutoka Hafs kwenda Warsh, Qalun na Duri: mwongozo kamili wa kutofautisha visomo vya Qur'ani

Imamu mgeni akisimama mbele katika msikiti wa Kariakoo au Temeke akasoma "maliki yaumid-diin" badala ya "maaliki", mara nyingi hutokea moja kati ya mawili. Ama mtu wa safu ya kwanza atamsahihisha kwa sauti, ama watu watatoka wakinong'ona kwamba mgeni hata Fatiha hajaiweka sawa. Imamu hakukosea. Kasoma kama wanavyosoma Waislamu wa Morocco, Algeria, Libya, Sudan na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi. Sisi huku tumelelewa kwenye riwaya moja tu ya usomaji, ile ya Hafs, tangu juzuu amma ya chuoni mpaka kukhitimu, kwa hiyo chochote kinachotoka nje ya hiyo husikika kama kosa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma Hafs vizuri, anajua hukumu za tajwid, na sasa anataka kuvitambua visomo vingine kwa sikio, kisha akipenda ajifunze kimoja. Irabu ndefu tumeziandika mara mbili (maaliki), ili tofauti ionekane hata kwa asiye na msahafu mkononi.

Maneno ya kutenganisha kabla ya yote

Kiraa ni usomaji unaonasibishwa kwa imamu, kama vile Nafii wa Madina au Asim wa Kufa. Riwaya ni ya mwanafunzi aliyepokea kutoka kwa imamu huyo: Hafs kapokea kwa Asim, Warsh na Qalun kwa Nafii. Twariki ni njia ya waliopokea kutoka kwa mpokezi, mfano al-Azraq kutoka kwa Warsh. Wajhi ni uchaguzi aliouachiwa msomaji ndani ya njia yake, mfano kuvuta madda (mvuto wa sauti) ya kusimamia kwa harakati (vipimo vya mvuto) 2, 4 au 6. Ukichagua wajhi moja hujakosa kitu. Ukiruka riwaya nzima katikati ya aya, hapo umeharibu.

Mahadhi hayamo kabisa katika orodha hiyo. Bayati, hijazi na nahawandi ni naghma za sauti. Kijana anayemwiga Minshawi na mwenzake anayemwiga Sudais kwenye mashindano ya Ramadhani, wote wawili wanasoma Hafs kutoka kwa Asim, na jaji anayesema "huyu ana kiraa nzuri" anakusudia sauti. Kasi nayo ni jambo jingine: tahkiki ni polepole ya kufundishia, tadwiri ya katikati, hadri ya haraka, na riwaya yoyote yaweza kusomwa kwa kasi zote tatu.

Kuna pia wanaodhani visomo saba ndizo herufi saba za kwenye hadithi. Visomo saba vilichaguliwa na Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 Hijria, karne tatu baada ya Mtume. Aliwachukua maimamu saba wa miji mitano: Nafii (Madina), Ibn Kathir (Makka), Abu Amr (Basra), Ibn Amir (Sham), na watatu wa Kufa: Asim, Hamza na Kisai. Ibn al-Jazari, aliyefariki 833 Hijria, akathibitisha wengine watatu, Abu Jaafar, Yaakub na Khalaf, wakatimia kumi. Kila mmoja ana wapokezi wawili mashuhuri, kwa hiyo riwaya ni ishirini. Zinazosomwa na umma mkubwa leo ni nne: Hafs, Warsh, Qalun na Duri wa Abu Amr.

Tofauti zote za riwaya hizo hukaa katika makabati mawili. Moja ni usuli, yaani kanuni zinazojirudia Qur'ani nzima. La pili ni farshi, yaani neno mojamoja mahali pake. Anayeanza hukimbilia farshi kwa sababu inavutia: neno hili huku liko hivi, kule vile. Lakini ukifungua msahafu wa Warsh popote pale, kinachokubadilishia usomaji kila mstari ni usuli. Anza nazo.

Hatua ya kwanza: pima Hafs yako mwenyewe

Huwezi kutofautisha ikiwa mzani wako wenyewe umepinda. Fungua maeneo haya mbele ya mwalimu, na usitegemee kumbukumbu:

- Sakta nne, yaani kunyamaza kidogo bila kuvuta pumzi: "iwajaa" mwanzoni mwa al-Kahf, "marqadinaa" katika Yaasin 52, "man raaq" katika al-Qiyama 27, na "bal raan" katika al-Mutwaffifin 14.
- "Majreehaa" katika Hud 41. Ni imala (kuipeleka alifu kwenye sauti ya e) pekee ya Hafs katika Qur'ani nzima.
- "Laa ta'mannaa" katika Yusuf 11, inayohitaji ishmamu (kukusanya midomo bila sauti) au kuificha nusu ya dhumma (irabu ya u).
- "A-a'jamiyyun" katika Fusswilat 44, ambapo hamza (mkato wa sauti kooni) ya pili hulainishwa.

Kisha pima madda. Kwa njia ya Shatibiyya (shairi la kufundishia visomo saba), Hafs huvuta madda munfaswili (madda mwisho wa neno, hamza mwanzo wa neno linalofuata) na muttaswili kwa harakati 4 au 5, zote kwa kipimo kimoja. Wengi wetu kwenye tarawehe huikata munfaswili mpaka 2 kwa ajili ya haraka. Kufupisha huko kupo kwa Hafs, ila kwa njia nyingine zenye masharti yake katika maneno mengine. Anayefupisha madda na bado akaweka zile sakta nne kwa mazoea tu, tayari kachanganya njia ndani ya riwaya yake mwenyewe.

Kipimo cha harakati kisiwe saa. Chukua "qaala" uliyoisoma kwa kasi yako: ule mvuto ni 2. Sita ni mivuto mitatu ya namna hiyo, kwa kasi ileile.

Hatua ya pili: jua msahafu ulioushika

Kwenye maduka ya vitabu vya dini Kariakoo karibu kila msahafu ni wa Hafs, lakini ya Warsh na Qalun hupatikana, hasa inayoletwa na mahujaji, kwa kuwa kiwanda cha Mfalme Fahd cha Madina huchapa riwaya kadhaa. Usinunue kwa jalada. Fungua kurasa za nyuma kabisa penye utambulisho wa msahafu. Riwaya imetajwa hapo. Ukitaka njia ya haraka, tazama Fatiha. Neno "mlk" limeandikwa bila alifu katika misahafu yote, kwa sababu hati ya Uthmani ndivyo ilivyo. Kwa Hafs utaona kialifu kidogo juu ya mim; kwa Warsh, Qalun na Duri hakipo.

Misahafu ya Warsh iliyoandikwa kwa hati ya Maghribi ina jambo litakalokukwaza siku ya kwanza: fa ina nukta moja chini, na qaf ina nukta moja juu. Qaf yao ndiyo fa yetu kwa jicho. Anayesoma kwa mazoea badala ya kutazama atageuza maneno bila kujua. Jipe siku tatu nne za kusoma sura unazozihifadhi tayari, jicho lizoee.

Namba za aya nazo haziendi sawa. Hesabu ya Kufa, inayotumiwa na misahafu ya Hafs, ni aya 6236. Hesabu ya mwisho ya Madina ni 6214. Al-Baqara ina aya 286 kwa Kufa, 285 kwa Madina na 287 kwa Basra, na hakuna neno lililopungua. Ni mahali pa kukata tu. "Alif Laam Miim" ni aya kwa Kufa peke yao. Fatiha ni aya saba kwa wote, ila Kufa na Makka wanaihesabu basmala kuwa aya ya kwanza, na wengine wanaikata aya kwenye "an'amta alayhim". Kwa hiyo mwalimu akikutumia namba ya aya kwenye simu, uliza ni ya msahafu gani.

Hatua ya tatu: usuli za Warsh, kwa mpangilio unaofundishika

Tunaanza na Warsh kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na Hafs kati ya hizi nne. Ukiiweza, Qalun itakuwa matembezi. Warsh, jina lake Uthman bin Said, ni mtu wa Misri aliyesafiri hadi Madina kusoma kwa Nafii, akafariki 197 Hijria. Yanayofuata ni kwa njia ya al-Azraq.

*Hamza kwanza.* Warsh huipunguza hamza kwa namna tatu. Ya kwanza ni nakli: neno likiisha kwa herufi yenye sukuni (isiyo na irabu) isiyo ya madda, na linalofuata likaanza kwa hamza, irabu ya hamza huhamia kwenye ile sukuni na hamza hudondoka. "Qad aflaha" inakuwa "qadaflaha". "Man aamana" inakuwa "manaamana". "Adhaabun aliim" inakuwa "adhaabunaliim". Alifu na lamu ya "al-" imo: "al-ardh" husomwa "alardh", na ukianzia hapo waweza kuanza "alardh" au "lardh". Mim ya wingi (hum, kum) haiingii. Ina kanuni yake.

Ya pili ni ibdali: hamza yenye sukuni ikiwa ndiyo herufi ya kwanza ya shina la neno, inageuka madda. "Yu'minuuna" inakuwa "yuuminuuna", "ya'kulu" inakuwa "yaakulu". Familia ya "ma'waa" imevuliwa. Hamza iliyo katikati ya shina hubaki, kama "ra's", isipokuwa "bi'sa", "bi'r" na "dhi'b". Kosa la kawaida ni kuifuta kila hamza inayokutana na ulimi. Ndiyo maana lazima ujue shina la neno, na hapa kidogo cha swarfu (elimu ya miundo ya maneno) kinahitajika.

Ya tatu ni tas-hili, hamza mbili zikikutana katika neno moja, kama "a-andhartahum". Ya pili hutamkwa kati ya hamza na alifu, au hugeuzwa alifu kabisa na kuvutwa 6 kwa kuwa nuni ya mbele ina sukuni. Sisi Waswahili hapa huteleza: sauti ya katikati inageuka ha, mtu anasoma "ahandhartahum". Hiyo ni herufi ya kubuni. Tas-hili haina pumzi. Ni hamza iliyolegea. Ikikushinda, shika ile wajhi ya alifu mpaka mwalimu akunyooshe.

*Mim ya wingi.* Mbele ya hamza hupewa dhumma na kuvutwa: "alayhimuu a-andhartahumuu am lam". Kwa kuwa sasa ni waw ya madda mbele ya hamza, inavutwa 6. Mbele ya herufi nyingine hubaki na sukuni. Kwa hiyo "alayhim ghayril maghdhuubi" haibadiliki, na Fatiha ya Warsh inatofautiana na yako kwa neno moja tu, "maliki".

*Madda.* Muttaswili na munfaswili zote ni 6, bila mjadala. Badali, yaani madda iliyotanguliwa na hamza kama "aamanuu" na "uutuu", ina wajhi tatu: 2, 4 au 6. "Israaiil" na "al-Qur'aan" hazimo; hizo ni 2 tu kwenye madda ile ya baada ya hamza. Herufi za lini (waw au ya yenye sukuni baada ya fat-ha) zikifuatwa na hamza, kama "shay'", ni 4 au 6.

*Ra na lamu.* Ra yenye fat-ha (irabu ya a) au dhumma husomwa nyembamba ikiwa katika neno lilelile imetanguliwa na kasra (irabu ya i) au herufi ya "ya" yenye sukuni: "khayrun", "khabiiran", "yubswiruuna". Majina ya kigeni kama Ibraahiim, Israaiil na Imraan hubaki mazito, na "swiraatw" pia kwa ajili ya twa inayofuata. Lamu yenye fat-ha hunenepa ikitanguliwa na swad, twa au dhwa (ya "dhwalama") yenye fat-ha au sukuni: "swalaata", "twalaaq", "dhwalama". Usitafute sauti mpya. Lamu nene ya "Allahu" unayoisema kila siku ndiyo hiyohiyo. Ihamishie tu hapa.

*Taklili.* Alifu inaegemea kidogo upande wa herufi "ya". Imala kubwa ni kama e yetu ya "meza" iliyovutwa. Taklili iko kati ya a na hiyo e. Mswahili ana bahati kwa kuwa e anayo tayari, ila bahati hiyo humponza: anaipeleka taklili mpaka e kamili. Isimamishe katikati. Warsh ana taklili bila hiari katika alifu iliyo mbele ya ra ya mwisho yenye kasra ("an-naari", "abswaarihim"), katika "al-kaafiriina", na katika alifu inayoandikwa kwa umbo la "ya" ikija baada ya ra ("bushraa"). Katika "al-hudaa", "Muusaa" na mfano wake ana wajhi mbili, fat-ha au taklili, isipokuwa neno hilo likiwa mwisho wa aya za sura kama an-Najm, al-Layl na Wadh-dhuhaa. Humo ni taklili tu. Imala kubwa anayo sehemu moja pekee: ha ya "Twaahaa".

Sasa kuna fundo ambalo vitabu vidogo hulipita. Wajhi za badali na za taklili hazichanganywi ovyo. Katika al-Baqara 37, "fatalaqqaa aadamu", ukisoma "talaqqaa" kwa fat-ha, badali ya "aadamu" ni 2 au 6. Ukisoma kwa taklili, ni 4 au 6. Fat-ha pamoja na 4 haikupokewa kwa njia hii. Kwa anayeanza tunashauri ashike seti moja na asiiache mpaka akhitimu mara ya kwanza: badali 2, fat-ha, lini 4, au badali 4, taklili, lini 4. Mwalimu wako ana yake, fuata hiyo.

Jaribio ndani ya juzuu amma

Huna haja ya kuanza na al-Baqara. Sura ambazo kila mtoto wa chuo cha Magomeni au Mbagala anazijua zinatosha kuonyesha karibu kila kitu. Aya moja ya Wadh-dhuhaa, "wa lal-aakhiratu khayrun laka minal-uulaa", ina nakli mbili (walalaakhiratu, minaluulaa), badali mbili, ra mbili nyembamba, na taklili mwishoni. Isome kwa Hafs, kisha polepole kwa Warsh, ukitaja kila hukumu kwa jina kabla ya kuitamka. Ukiweza aya hii bila kusita, usuli zimekaa.

Al-Ikhlas: "kufuwan" kwa waw ni ya Hafs peke yake miongoni mwa wapokezi wote. Warsh anasoma kwa hamza na nakli: "kufu'anahad". Al-Masad: "hammaalata" kwa fat-ha ni ya Asim peke yake, wengine wote "hammaalatu". Ibn Kathir anasoma "Abii Lahb" kwa sukuni ya ha. Al-Kafirun: Nafii na Hafs wanasoma "wa liya diin", Duri "wa lii diin". Al-Maun: "ara'ayta" ya Hafs inalainishwa hamza ya pili kwa Nafii, na Kisai anaiondoa kabisa, "arayta". An-Nas kwa Duri ni somo zima la imala, kwa sababu "naas" zote tano zina kasra na zote anaziimalisha.

Jambo hilo la kwanza lina uzito wake: mtu anayedai "kufu'an" ni kosa, anadai riwaya kumi na tisa kati ya ishirini zimekosea.

Qalun na Duri kwa ufupi

Qalun, Isa bin Mina, alifariki 220 Hijria Madina. Riwaya yake ndiyo ya Libya na sehemu kubwa ya Tunisia. Farshi yake karibu yote ni ya Warsh, kwa kuwa imamu ni mmoja, lakini usuli zake ziko karibu na Hafs. Nakli hana isipokuwa maeneo machache. Munfaswili ni 2 au 4. Mim ya wingi ana hiari: sukuni, au kuivuta mbele ya kila herufi, na utakachochagua ukiendeleze. "A-andhartahum" anailainisha ya pili na kuingiza alifu katikati. Wote wawili, Qalun na Warsh, wanasoma "an-nabii'" kwa hamza mwishoni. Hiyo ndiyo alama ya haraka ya kumtambua msomaji wa Nafii redioni. Kumtenga Qalun na Warsh, sikiliza "wahwa": Qalun anaitia ha sukuni, Warsh anasema "wahuwa".

Duri alifariki 246 Hijria, na hakumkuta Abu Amr mwenyewe; alipokea kupitia kwa Yahya al-Yazidi. Ni riwaya ya Sudan, kwa hiyo vijana wetu wanaorudi kutoka masomoni Khartoum huja nayo masikioni. Itambue kwa imala nzito ya "an-naari" na "al-kaafiriina", kwa idghamu (kuiingiza herufi katika inayofuata) kama "qas-sami'a" badala ya "qad sami'a", na kwa kasra ya mim katika "alayhimidh-dhillatu". Naye pia ana "wahwa".

Kuunganisha sura mbili: Hafs na Qalun hupitisha basmala. Warsh na Duri wana hiari tatu: basmala, sakta, au kuunganisha moja kwa moja. Hiyo haigusi Fatiha ndani ya swala. Ukianza sura, wasomaji wote husoma basmala isipokuwa Bara'a (at-Tawba), na sisi Mashafii tunaihesabu kuwa aya ya Fatiha, kwa hiyo usije ukaiacha kwa kisingizio cha Warsh.

Farshi: maneno yanayobadilika na maana zake

Weka daftari lenye safu tatu: sura na maneno, kisomo, maana. Haya ya kuanzia:

Al-Baqara 9, Nafii, Ibn Kathir na Abu Amr wanasoma "wa maa yukhaadi'uuna", wengine "yakhda'uuna". Aya ya 10, Kufa wanasoma "yakdhibuun" (wanasema uongo), wengine "yukadhdhibuun" (wanakadhibisha). Wanafiki wana sifa zote mbili. Aya ya 125, "wattakhidhuu" ni amri ya kupafanya Makamu Ibrahim mahali pa kuswalia, na "wattakhadhuu" ya Nafii na Ibn Amir ni habari kwamba walipafanya. Aya ya 259, "nunshizuhaa" tunaiinua mifupa, "nunshiruhaa" tunaihuisha. Katika Aal Imran 146, "qaatala" alipigana, "qutila" aliuawa.

Mahali pengine hati yenyewe inatofautiana, kwa sababu misahafu iliyopelekwa mijini haikuwa sawa kwa herufi chache. Aal Imran 133, Nafii na Ibn Amir wanasoma "saari'uu" bila waw ya mwanzo. Al-Hadid 24 hawana "huwa" kabla ya "al-ghaniyyu". Ash-Shams 15 wanasoma "falaa yakhaafu" kwa fa. Ukikutana na hayo usidhani mchapaji karuka.

Na usiziweke riwaya katika kambi mbili, Hafs upande huu na zote upande ule. Katika al-Maida 6, "arjulakum" ya Hafs ndiyo pia ya Nafii, ilhali Shu'ba, mwenzake Hafs kwa Asim, anasoma "arjulikum".

Kuchanganya

Rudi al-Baqara 37. Wengi wanasoma "Aadamu ... kalimaatin", Adamu ndiye aliyepokea maneno. Ibn Kathir anasoma "Aadama ... kalimaatun", maneno ndiyo yaliyomfikia Adamu. Chukua nusu hii na nusu ile, upate "Aadamu ... kalimaatun": sentensi haina tena mtendwa, Kiarabu kimekufa. Ibn al-Jazari alikuwa na hukumu ya ngazi: mchanganyiko wa aina hii ni haramu, mchanganyiko usioharibu maana ni kosa kwa anayesoma kwa njia ya kupokeza riwaya, kwa kuwa anamzulia mpokezi asichosema, kwa msomaji wa kawaida ni mwepesi zaidi, ingawa mjuzi haumfai.

Mchanganyiko wetu mwingi hautokani na kiburi, unatokana na simu. Mtu anapakua sura tano kwa Warsh, anabaki na "maliki" na taklili chache zinazopendeza, madda zake zikiwa za Hafs. Dawa ni kusikiliza kwa kulinganisha: Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary ana rekodi za Hafs (1961), Warsh, Qalun na Duri, na sauti yake haina madoido ya kukuvuta upande. Ukurasa mmoja kwa siku: mara mbili kwa Hafs, mara tatu kwa Warsh, kisha jirekodi na usikilize tena msahafu ukiwa mbele. Tia alama ya penseli kila ulipoteleza. Baada ya wiki mbili utaona ni kanuni moja au mbili tu zinazokuangusha kila siku, mara nyingi nakli ya tanwini na ra nyembamba.

Mwalimu, ijaza, na msikiti

Rekodi haikusikii, wala msahafu haukuoni midomo. Taklili, tas-hili na ishmamu hazipatikani bila mtu wa kukaa mbele yako. Ukimpata mwalimu Dar, muulize mambo matatu kwa adabu kabla ya kuanza: riwaya hii ulisoma kwa sheikh gani, kwa njia ipi, na ulikhitimu yote au sehemu? Mwenye sanadi (mnyororo wa walimu wake) hujibu bila kuchukia. Ijaza (idhini ya kusoma na kufundisha) ya riwaya moja kwa kawaida hutolewa baada ya kusoma Qur'ani nzima kwake kwa hifdhi, kuanzia Fatiha hadi an-Nas. Anayetaka saba huhifadhi Shatibiyya, beti 1173, kisha shairi la ad-Durra kwa wale watatu wa kukamilisha kumi. Kwa kazi za watu wa mjini, nusu juzuu kwa wiki ni mwendo mzuri, na Qur'ani itakwisha kwa miezi kumi na minne hivi.

Kuhusu kuswalisha. Swala kwa riwaya yoyote kati ya hizi ni sahihi. Lakini Warsh ni riwaya ya Morocco, nchi iliyofadhili ule msikiti mkubwa wa Kinondoni penye makao makuu ya BAKWATA, na hata hivyo waswalio wengi wa mji huu hawajawahi kuisikia hata mara moja. Ukiisoma ghafla kwenye swala ya Ijumaa, utasahihishwa, utachanganyikiwa, na ugomvi utahamia barazani. Isome kwanza nyumbani na kwenye darasa. Ukitaka kuswalisha nayo, mwambie imamu mkuu na kamati, chagua Isha ya siku ya kawaida, kisha kabla ya takbira waambie jamaa kwa sentensi moja kwamba utasoma riwaya ya Warsh na kwamba watasikia "maliki". Shikilia riwaya hiyo rakaa zote. Na ikiwa wewe ndiye uliyeko safu ya mbele nyuma ya mgeni, ngoja: akisoma "maliki", kisha akavuta sita, kisha akadondosha hamza za "al-", nyamaza umfuate.